Nani Atalinda Kilichozikwa?

Watu wa Goma na wa Sake hawana haja ya kufundishwa mazuku ni nini. Lakini kwa ajili ya wale wanaokaa mbali, katika Katanga au Maniema, tueleze kwa ufupi. Katika nchi ya volkano, kaskazini ya ziwa Kivu, kuna mabonde madogo na mashimo ambamo hewa mbaya hutoka ardhini na kutulia kama maji katika bakuli. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayoipumua, ndiyo sababu hukaa chini. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, huongezeka. Mchana jua na upepo huipunguza. Mbuzi akishuka humo kutafuta majani, hulala asiinuke tena. Mtoto akimfuata mbuzi wake, naye hulala. Mtu mzima aliyesimama kando, kichwa chake kikiwa juu ya ile hewa, aweza asisikie neno lolote. Lakini akiinama kumwinua mtoto, huanguka juu yake.

Hewa hiyo ndiyo gesi ya kaboni, ambayo wanakemia huiita kaboni dioksidi. Si kitu kigeni. Tunaitoa kifuani kila tunapopumua, kuni zinaitoa jikoni, nayo ndiyo inayotoa povu katika chupa ya bia. Ikiwa kidogo haidhuru. Lakini ikifika sehemu kumi katika mia ya hewa, mtu huzimia upesi, na asipotolewa hufa.

Tunaanza na mazuku kwa sababu leo twataka kuzungumza habari ya watu wanaoichukua gesi hiyo hiyo, kwa makusudi, na kuizika chini ya ardhi. Tena twataka kuzungumza zaidi habari ya watu wengine, wale ambao kazi yao ni kukesha juu ya kaburi hilo na kuuliza mwaka kwa mwaka: je, bado iko mahali tulipoiweka? Hao ni wenye elimu ya jiofizikia, yaani elimu ya kupima mambo ya ndani ya ardhi bila kuyaona. Ufundi wao ni wa ajabu, nasi tutaueleza. Lakini neno linalotusumbua ni neno la haki. Mtu akizika kitu cha hatari mahali ambapo jirani yake hawezi kukiona, akasema, "Usiogope, nitakilinda," je, amekwisha kumlipa jirani haki yake? Na yule mlinzi, anadaiwa nini na watu wanaolala juu ya ardhi hiyo?

Kwa nini waizike

Kila mwaka watu wa dunia, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta ya petroli na gesi, hutoa angani zaidi ya tani bilioni 35 za gesi ya kaboni. Hii hukaa juu ya dunia kama blanketi, joto likazidi, majira ya mvua yakachafuka. Sisi wa Kongo tumechoma kidogo sana kati ya hizo. Lakini mvua ikikosa au ikizidi, haiulizi nani aliyewasha moto. Basi wenye ujuzi wamefikiri hivi: ikiwa mafuta na gesi vilikaa chini ya ardhi miaka mamilioni bila kutoroka, kwa nini moshi wake usirudishwe huko huko?

Wanorwe ndio waliotangulia kufanya hivyo kwa kipimo kikubwa. Katika bahari ya Kaskazini, mahali paitwapo Sleipner, walichimba gesi ya kuuza, wakakuta imechanganyika na gesi ya kaboni karibu sehemu tisa katika mia. Wanunuzi hawakuitaka zaidi ya sehemu mbili na nusu. Ilibidi itengwe. Hapo zamani wangaliiachilia tu angani, nani angaliwauliza? Lakini mwaka 1991 serikali ya Norwe ilikuwa imetoza kodi kwa kila tani iliyotupwa hewani na mitambo ya baharini, kazi ya kuizika ikawa na faida. Tangu mwaka 1996 wameisukuma chini ya sakafu ya bahari, mpaka karibu tani milioni moja kwa mwaka. Tusiwasifu kupita kadiri, kwa maana kodi iliwasukuma. Wala tusiwadharau, kwa maana sheria njema ikimsukuma mtu kutenda vema, tendo linabaki jema.

Wengi wakisikia habari hizi hufikiri kwamba kuna pango kubwa chini, na gesi imejaa humo kama pumzi katika mpira. Sivyo. Gesi huingizwa katika mwamba wa mchanga, ambao ukiutazama ni mgumu, lakini ndani yake mna vitundu vidogo vidogo kama vya donge la sukari, na vitundu hivyo vimejaa maji ya chumvi. Kwenye kina kipatacho meta 800 na zaidi, uzito wa nchi huibana gesi hata inakuwa karibu kama kitu cha majimaji, ikachukua nafasi ndogo. Kwa kuwa bado ni nyepesi kuliko maji ya chumvi, hutaka kupanda. Inapanda mpaka ikute mwamba mwingine wa udongo mgumu usiopitisha kitu, nao ni kifuniko. Chini ya kifuniko hicho hutandaa polepole. Miaka ikipita, sehemu yake huyeyuka katika yale maji na kushuka, na sehemu nyingine hushikamana na mawe ikawa jiwe. Katika Iceland, ambako mwamba ni wa volkano kama ule wa Goma, walijaribu mwaka 2012 kuishusha ikiwa imeyeyushwa katika maji, wakaona karibu yote imegeuka jiwe kabla ya miaka miwili kutimia. Lakini katika mwamba wa mchanga kazi hiyo ni ya karne nyingi.

Basi kila kitu kinategemea kile kifuniko, na hakuna mtu aliyekiona kifuniko kwa macho.

Sikio, mizani na jicho

Wale wanaokesha wana njia nyingi, lakini tutataja tatu zilizo kubwa.

Ya kwanza ni sikio. Meli hupita juu ya bahari ikitoa mshindo ndani ya maji kwa hewa iliyosongwa. Mshindo hushuka, huingia ardhini, na kila unapokuta mwamba wa namna nyingine, sehemu yake hurudi kama mwangwi mlimani. Nyuma ya meli hukokotwa kamba ndefu zenye masikio ya umeme ambayo huusikiliza mwangwi huo. Maji ya chumvi yakiwa yameondoka katika mwamba na gesi imeingia, mtetemo hupita polepole zaidi na mwangwi hubadilika. Lakini mwangwi mmoja peke yake haufundishi mengi. Yafaa kuwa na ule wa kwanza, uliopimwa kabla gesi haijaingia, ili kuulinganisha na ule wa baadaye. Kwa hiyo huko Sleipner walipima mwaka 1994, miaka miwili kabla ya kuanza kazi. Wakapima tena mwaka 1999, na mara nyingi tangu hapo. Kando ya huo mwangwi wa makusudi, mahali pengine hutegwa masikio ndani ya visima ili kusikia mitetemeko midogo sana, ambayo mtu hawezi kuihisi kwa miguu, maana mwamba ukisongwa mno huanza kulia kabla ya kupasuka.

Ya pili ni mizani. Uzito wa kila kitu hubadilika kidogo kadiri ya mawe yaliyo chini yake. Gesi ikichukua nafasi ya maji yaliyo mazito zaidi, mvuto wa ardhi mahali pale hupungua. Hupungua kiasi gani? Sehemu chache katika bilioni moja. Huko Sleipner walishusha vipimo vyao juu ya sakafu ya bahari mwaka 2002, kisha wakarudi mahali pale pale mwaka 2005 na mwaka 2009 kupima upya. Msomaji apime mwenyewe subira ya namna hiyo.

Ya tatu ni jicho, nalo linakaa mbinguni. Setilaiti ikipita juu ya jangwa hutuma mawimbi ya rada na kuyapokea tena. Kwa kulinganisha mapito mengi, wenye elimu hutambua kama uso wa nchi umeinuka kwa milimeta chache. Na gesi ikisukumwa kwa nguvu chini, nchi huinuka kweli, kama ngozi ya ngoma inayosukumwa kutoka ndani.

Ardhi iliwasahihisha wenye elimu

Sasa tuangalie waliyoyaona, kwa sababu hapo ndipo fundisho linapoanza.

Huko Sleipner walitazamia gesi itapanda kwa namna moja. Mwangwi wa mwaka 1999 ukawaonyesha namna nyingine: gesi ilikuwa imekwisha kufika juu chini ya kifuniko, nayo imetandaa katika tabaka tisa, kwa sababu ndani ya mchanga mlikuwa na vitabaka vyembamba vya udongo ambavyo hawakuvijua vema. Hakuna kilichotoroka, lakini ramani yao ya kwanza ilikuwa pungufu.

Katika bahari ya Barents, kaskazini kabisa ya Norwe, mahali paitwapo Snøhvit, walianza kuzika mwaka 2008. Punde si punde msukumo ndani ya mwamba ukapanda upesi kuliko walivyohesabu. Mwamba waliouchagua haukuwa na nafasi waliyoitazamia. Mwaka 2011 waliacha mwamba ule, wakaigeuza gesi kwenda katika mwamba mwingine ulio juu yake.

Katika Algeria, mahali paitwapo In Salah, walianza mwaka 2004, wakaizika gesi karibu meta 1,900 chini ya jangwa. Setilaiti ikaona nchi inainuka, karibu milimeta tano kwa mwaka juu ya visima. Juu ya kisima kimoja uvimbe ulikuwa na umbo la ajabu, kama mistari miwili sambamba, na wenye elimu walipohesabu walielewa kwamba chini kabisa ufa ulikuwa unafunguka. Mwaka 2007 ilionekana pia kwamba kisima kimoja cha zamani kilikuwa kinavujisha gesi kidogo, kikazibwa. Mwaka 2011 walikomesha kusukuma gesi, kwa kuwa walitilia shaka usalama wa kifuniko. Zilikuwa zimezikwa tani milioni 3.8.

Mtu atasema: "Basi mnaona! Mara tatu walifikiri hivi, ikawa vile. Watu wasiojua wanachofanya wakae kimya, waiache ardhi." Twaelewa hofu hiyo, wala hatuidharau. Watu wa ziwa Nyos, katika Kameruni, walilala usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, na gesi ya kaboni iliyokuwa imekusanyika ndani ya maji ya ziwa ikatoka ghafula, ikateremka mabondeni, ikaua watu zaidi ya 1,700, wengine wakiwa mbali na ziwa kadiri ya kilometa 25. Ziwa letu Kivu lina gesi ya namna hiyo nyingi kuliko Nyos mara nyingi sana. Mwenye kuogopa gesi hii si mjinga.

Lakini yafaa kupambanua. Gesi ya Nyos ilikuwa imeyeyuka ndani ya maji, bila kifuniko cha jiwe, nayo maji yalipochafuka ilitoka yote pamoja. Gesi iliyo katika vitundu vya mwamba, kilometa moja au mbili chini, haiwezi kuruka kwa mara moja namna hiyo. Ikitoroka hutoroka kwa ufa au kwa kisima kibovu, kidogo kidogo. Wataalamu wa mataifa waliokusanya maarifa haya mwaka 2005 walisema kwamba mahali palipochaguliwa vema na kutunzwa vema, yaelekea sehemu zaidi ya 99 katika mia zitabaki chini hata baada ya miaka elfu. Tuyaangalie maneno yao: palipochaguliwa vema, na kutunzwa vema. Ahadi yenyewe ina sharti ndani yake.

Tena hatuna budi kuwa na haki kwa pande zote mbili. Kuiacha gesi angani si kutokufanya kitu. Ni kuitupa juu ya kichwa cha kila mtu, na hasa cha maskini anayelima kwa mvua. Mwenye kusema "msizike" sharti aseme pia nini kifanyike badala yake. Na mwenye kusema "tuzike" asije akafanya kama mtu afagiaye takataka chini ya mkeka ili aendelee kuchafua nyumba. Tani milioni moja za Sleipner ni nyingi machoni petu, lakini mbele ya bilioni 35 ni tone. Dawa ya kwanza ni kuchoma kidogo zaidi. Kuzika kunafaa kwa yale yasiyoepukika, wala kusiwe kibali cha kuongeza.

Zamu wa namna mbili

Turudi sasa kwa mlinzi. Tuseme mzee mmoja mjini Bukavu ana duka, naye ameajiri zamu wa usiku. Kila asubuhi humwuliza, "Usiku ulikuwaje?" Zamu hujibu, "Hakuna neno, baba." Mwaka mzima ni hakuna neno. Mzee anafurahi. Kisha anamwajiri mwingine. Asubuhi ya tano huyu anasema, "Baba, saa tisa ya usiku mbwa alibweka. Nilizunguka na taa, sikuona mtu. Lakini huku nyuma ya ua kuna nyayo, na tofali moja limelegea. Sijui kama ni mwizi au ni watoto. Nimekuja kukuambia kabla sijalala." Mzee anakasirika: habari hii imemharibia chakula cha asubuhi.

Je, ni zamu yupi aliyelinda duka? Kila msomaji amekwisha kujibu. Lakini ni wenye maduka wangapi humweka kazini yule wa pili?

Hapa ndipo tunapoona sifa ya kweli ya kazi ya In Salah na Snøhvit. Hatuwasifu kwa sababu waliijua ardhi. Hawakuijua vya kutosha. Twawasifu kwa sababu vipimo vilipopingana na matumaini, vipimo ndivyo vilivyosikilizwa, na kazi ya fedha nyingi ikasimama au ikageuzwa. Tena matokeo yaliandikwa, hata watu wa nchi nyingine wakajifunza kwayo. Kulinda ambako hakuwezi kusimamisha kazi ni pambo tu, kama mbwa wa udongo mlangoni.

Lakini kumwambia bwana wa kazi peke yake hakutoshi. Yuko pia jirani. Tutoe mifano miwili.

Katika jimbo la Saskatchewan, nchi ya Kanada, tangu mwaka 2000 gesi ya kaboni inasukumwa chini ya mashamba, mahali paitwapo Weyburn. Mwaka 2011 jamaa moja ya wakulima walitangaza kwamba katika shamba lao maji yanatoa mapovu na wanyama wamekufa. Wakasema ni gesi ya chini inayopanda. Ingalikuwa rahisi kuwacheka: hao ni watu wa shamba, wanajua nini? Lakini wachunguzi waliotumwa walipima kwa uangalifu. Udongo ulio hai hupumua. Hutumia oksijeni na kutoa gesi ya kaboni kwa kadiri yake. Gesi ikitoka mbali chini haitumii oksijeni namna hiyo, inaisukuma tu. Basi ukipima gesi hizi pamoja, unaweza kujua gesi ya kaboni imetoka wapi. Mwishoni mwa mwaka ule ule jibu likatolewa hadharani: ile gesi ilikuwa pumzi ya udongo wenyewe. Tunasema kwamba hata mwenye hofu isiyo na sababu ana haki ya kupimiwa. Hofu haiponi kwa kuambiwa "nyamaza". Inapona kwa kuonyeshwa.

Mfano wa pili ni wa mji wa Decatur, katika Marekani. Huko kampuni ya nafaka ilikuwa inazika gesi zaidi ya kilometa mbili chini. Kulichimbwa visima vya kuchunguzia, ambavyo kazi yake ni kuangalia tu. Mwaka 2024 ikagunduliwa kwamba bomba la kisima kimoja cha namna hiyo limeliwa na kutu, na gesi imepitia hapo kuingia katika mwamba usioruhusiwa. Maana yake, njia ya kutoroka ilikuwa ni kile kisima kilichowekwa kuzuia utoro. Maji ya kunywa, walisema wenye kazi, hayakuguswa. Lakini kati ya wakati kampuni ilipojua, mwanzoni mwa mwaka, na wakati watu wa mji walipopata habari, ilipita miezi mingi. Kutu ni jambo la bahati mbaya. Miezi hiyo ya kimya haikuwa bahati mbaya, mtu aliichagua.

Tofauti ya mifano hii miwili haiko katika ardhi. Kanada hapakuwa na hatari, hata hivyo watu walijibiwa wazi. Decatur palikuwa na kasoro ya kweli, na watu wakakawia kuambiwa. Ndiyo maana twasema kwamba anayejua jambo la chini ya nyumba ya mwenzake, na mwenzake hawezi kulijua kwa njia nyingine, hana tena ruhusa ya kuchagua wakati wa kusema kwa faida yake. Habari ile si mali yake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini maji ni ya wale wenye kiu, na kata ikiona mdudu ndani ya mtungi haifai kungoja mpaka sherehe iishe.

Huko Uholanzi, katika mji wa Barendrecht, watu walikataa kabisa. Kampuni ilitaka kuzika gesi chini ya nyumba zao, serikali ikawa tayari kukubali, nao wakapinga hata mwaka 2010 mpango ukafutwa. Labda hatari ilikuwa ndogo. Lakini anayealikwa mezani baada ya chakula kwisha kupikwa na kugawanywa, asilaumiwe akisusa.

Je, zamu akiondoka?

Linabaki neno lililo gumu kuliko yote, nalo ni la muda. Gesi itakaa chini miaka elfu. Zamu ataishi miaka sabini, kampuni labda hamsini, na serikali hubadilika. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka sheria mwaka 2009: kisima kikifungwa, kwa kawaida kampuni itaendelea kuwajibika kwa muda usiopungua miaka 20, ndipo mzigo unapohamia kwa serikali, na kampuni sharti iache fedha za kutosha kulinda mahali pale kwa miaka 30 zaidi. Ni sheria ya akili, twaisifu. Walakini hesabu haifichiki: 20 na 30 ni 50. Baada ya hapo atakayelipa ni mjukuu, ambaye hakuulizwa, na ambaye hakuonja joto la moto ule.

Sisi tunajua kinachotokea fedha za zamu zikikatika. Mlima Nyiragongo ulipasuka tarehe 22 Mei 2021, ukaua watu na kuteketeza maelfu ya nyumba pembeni mwa Goma. Miezi iliyotangulia, wenye kuuangalia mlima walikuwa wamekosa fedha, hata intaneti ya kupokea vipimo vyao ilikuwa imekatika. Tuseme kweli yote: uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba safari ile mlima haukutoa dalili za wazi ila muda mfupi sana kabla ya kupasuka, na labda hata mlinzi aliyeshiba asingaliweza kuonya. Lakini hatukuwa na haki ya kumnyima taa kwa kuwa huenda usiku huo taa isingalisaidia. Na volkano hatukuiwasha sisi. Aliyezika gesi kwa mkono wake ana deni kubwa zaidi.

Basi, baada ya kuyapima haya yote, tunajibu swali letu hivi. Kuzika si kosa kwa nafsi yake, na kwaweza kuwa tendo la haki kwa wale wanaoumizwa na joto la dunia. Lakini kunakuwa haki kwa masharti. Kwanza, ardhi ipimwe kabla haijaguswa, ili baadaye mtu asiweze kusema uongo juu ya jinsi ilivyokuwa. Pili, vipimo viwe na nguvu ya kusimamisha kazi. Tatu, wanaokaa juu waulizwe mapema na waambiwe upesi, habari njema na mbaya kwa mwendo uleule. Nne, fedha ya mlinzi itengwe mbali na mkono wa bwana wa kazi, tena iwe ya muda mrefu. Na asiyeweza kutimiza hayo asizike, hata kama mwamba wake ni mzuri kiasi gani.

Mwenye elimu naye asidhani kwamba deni lake limekwisha akiandika hesabu zake kwa usahihi. Mkulima wa Kanada hasomi mwangwi wa mawe, wala mama wa Sake hasomi rada. Wanamtegemea yeye kama kipofu anavyotegemea mtoto anayemshika mkono. Kusema "sijui bado, lakini hili nimeliona" ni sehemu ya kazi yake, hata siku bwana wa kazi hataki kusikia.

Na sisi je? Katika mitaa ya magharibi ya Goma kila siku wanafika wageni, wengine wamekimbia vita, wanatafuta mahali pa kutandika turubai. Mgeni anaona bonde dogo lenye majani mabichi, halina mtu, halina upepo, anashukuru. Wenyeji wanajua kwa nini halina mtu. Hawana setilaiti wala mizani, wanajua tu, kwa kuwa babu zao waliwaonyesha. Hao nao ni walinzi wa kitu kisichoonekana, na deni lao ni lile lile. Wampeleke mgeni mpaka pembeni, wamwonyeshe mwisho wa majani, wamwambie, "Ndugu, hapa usilale." Wamwambie leo, kabla giza halijaingia.